Dola 30 za msikilizaji: historia ya podikasti moja iliyotoka nyumbani ikawa kazi

Wengi wetu tunajua namna podikasti ya kijana inakufa. Sehemu ya kwanza inarekodiwa kwa telefone, inatumwa katika vikundi vya WhatsApp, na watu wanapongeza. Ya pili inatoka. Ya tatu inachelewa juu umeme ulikatika ao mega ziliisha. Kiisha kimya. Tukiulizana sababu, jibu linakuwa ni lile lile: hatuna mikro nzuri, hatuna studio, hatuna mfadhili.

Mimi nilisoma agronomia. Katika kazi yetu, shamba likizaa mwaka wa kwanza hatusemi bado kwamba limefaulu. Tunangoja kuona nani atalipa mbegu za mwaka wa pili. Podikasti nayo iko vile. Kuanza hakuhitaji feza nyingi, ila kuendelea kunahitaji mtu wa kulipa, na yule anayelipa njo anaamua podikasti itaishi muda gani na itasema nini.

Kuna podikasti moja ya Marekani ambayo historia yake inaonyesha jambo hili vizuri, juu hesabu zake zilitangazwa wazi mbele ya watu wote. Inaitwa 99% Invisible. Wacha tuifuate hatua kwa hatua, kiisha tuangalie nini tunaweza kuchukua na nini hatuwezi.

Mlango usio na mwenyewe

Kwanza, podikasti ni nini? Haikuanza kama biashara. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001, mtengeneza programu Mmarekani, Dave Winer, aliongeza kitu kidogo katika RSS, ule mfumo unaowezesha tovuti kutangaza yenyewe kwamba iko na habari mpya. Kile kitu kiliruhusu tangazo libebe faili ya sauti. Mtu anajiandikisha mara moja tu, na kila sehemu mpya inamfikia bila kuitafuta. Mwezi wa pili 2004, mwandishi wa habari Ben Hammersley alitumia neno « podcasting » katika gazeti The Guardian la Uingereza. Mwezi wa sita 2005, Apple iliweka podikasti ndani ya programu yake ya iTunes, na kwa siku mbili za kwanza watu walijiandikisha mara milioni moja.

Mfumo huu haukuwa na mwenyewe. Redio inahitaji masafa, na masafa yanahitaji ruhusa ya serikali. Podikasti haikuomba ruhusa kwa mtu. Lakini mlango usio na mwenyewe hauna pia mtu wa kulipa mshahara. Kwa miaka mingi, wengi waliotengeneza podikasti walifanya hivyo usiku, kiisha kazi yao nyingine, bila kupata hata franga.

Mtu aliyeacha jenetiki

Roman Mars hakuanza katika redio. Alianza masomo ya udaktari katika jenetiki kwenye University of Georgia, kiisha akayaacha ili afanye redio. Mwaka 2010 alikuwa anafanya kazi na KALW, redio ya umma ya San Francisco. Msifikiri ni redio tajiri: mwenye leseni yake ni mamlaka ya shule za umma za mji ule. Redio hiyo, pamoja na tawi la San Francisco la chama cha wasanifu majengo wa Marekani, ilitaka vipindi vifupi juu ya majengo na vitu vilivyobuniwa na watu. Muda wake ulikuwa dakika 4 hivi.

Mars alitengeneza vile vipindi nyumbani kwake, na aliviweka pia kama podikasti. Alizungumzia vitu ambavyo tunapita mbele yake kila siku bila kuviona: bendera ya mji, mlango, sauti ya mashine, umbo la jengo. Alichagua shamba dogo sana na akalilima kwa kina. Hakusema « podikasti yangu inazungumzia maisha na jamii ». Msikilizaji alijua kabisa anakuja kutafuta nini, na akitoka aliweza kumwambia rafiki yake kwa sentensi moja.

Kwa miaka miwili hivi podikasti ilikua kidogo kidogo. Wasikilizaji walikuwepo, lakini ilikuwa bado kazi ya mtu mmoja, na mtu mmoja anachoka.

Hesabu ya 2012

Mwaka 2012 Mars aliomba wasikilizaji wake walipe. Alipitia Kickstarter, tovuti ambayo mtu anaeleza mradi wake, anataja kiasi anachotaka na tarehe ya mwisho. Kiasi kisipotimia, hakuna anayekatwa feza na mwenye mradi hapati kitu. Kikitimia, kila mmoja anatoa alichoahidi na anapata zawadi ndogo, kama vile tisheti.

Aliomba dola 42,000. Watu 5,661 walitoa jumla ya dola 170,477.

Wengi wanasimama kwenye ile jumla na kushangaa. Sisi tugawanye: 170,477 kwa 5,661. Inatoka dola 30 hivi kwa mtu.

Mwaka 2013 aliomba tena, safari hii kusudi podikasti itoke kila juma. Watu 11,693 walitoa dola 375,193. Tugawanye tena: dola 32 hivi kwa mtu.

Njo hapo agronomia inanisaidia kusoma. Tunapopima mavuno ya mahindi, hatutazami gunia tu. Tunauliza: shamba liko na mimea mingapi, kila mmea uko na mahindi mangapi, kila hindi liko na punje ngapi, punje moja ina uzito gani? Mavuno yakiongezeka mara mbili, tunataka kujua ni sehemu gani iliyobadilika. Hapa jibu liko wazi: uzito wa punje haukubadilika. Mtu mmoja alitoa karibu kiasi kile kile, dola 30 na kidogo. Kilichoongezeka ni idadi ya watu, kutoka elfu tano na zaidi mpaka elfu kumi na moja na zaidi. Hakutafutwa tajiri mmoja wa kubeba kila kitu.

Jambo la pili: hawa hawakuwa wasikilizaji wote. Kila mtu aliendelea kusikiliza bure, aliyelipa na asiyelipa. Sehemu ndogo tu ya wasikilizaji ilibeba mzigo kwa ajili ya wote. Kwa hiyo yule anayesema « ningoje kwanza niwe na wasikilizaji laki moja njo niombe » hajasoma hesabu vizuri. Swali si wangapi wanasikia. Swali ni wangapi wangeumia podikasti ikinyamaza.

Na ile feza ilifanya nini? Ililipa watu wa kusaidia kutengeneza, na iliwezesha kutoka kila juma kwa tarehe inayojulikana. Mfuatano unafaa kuangaliwa: kwanza mtu mmoja aliyekuwa mwaminifu kwa miaka miwili, kiisha wasikilizaji waliolipa, kiisha watu wa kazi. Studio haikuwa mwanzo wa historia hii.

Kutoka mtu mmoja mpaka kikundi

Mwezi wa pili 2014, Mars pamoja na PRX, shirika linalosambaza vipindi vya redio za umma Marekani, walianzisha Radiotopia. Ilikuwa kikundi cha podikasti saba za watu huru. Mfuko wa Knight Foundation ulitoa dola 200,000 za kuanzia.

Kila mtengenezaji alibaki mwenyewe wa podikasti yake. Hawakuunganisha vipindi. Waliunganisha vile vitu ambavyo mtu peke yake hawezi: kuzungumza na watangazaji wa biashara, mambo ya ufundi, na zaidi ya yote wasikilizaji. Mmoja alitaja podikasti ya mwenzake ndani ya yake. Aliyekuwa na wasikilizaji wengi aliwaonyesha njia ya kwenda kwa aliye na wachache.

Mwishoni mwa mwaka ule ule waliomba wasikilizaji kwa jina la kikundi chote. Walitaja dola 250,000 na walipata dola 620,412 kutoka watu 21,808. Tugawanye mara ya tatu: dola 28 hivi kwa mtu. Uzito wa punje ulishuka kidogo hata, na mavuno yalikuwa makubwa kupita yote. Kati ya 2012 na 2014 idadi ya watu waliotoa iliongezeka karibu mara nne.

Kwetu jambo hili haliko geni. Mama anayeuza maharagi sokoni, akiwa ndani ya likelemba ao ndani ya AVEC, anajua kwamba dola 2 za kila juma hazijengi kitu zikiwa mkononi mwake peke yake, na kwamba zikiwa pamoja na za wenzake ishirini, zinafungua duka. AVEC haiui biashara ya mtu. Kila mmoja anabaki na meza yake sokoni. Kinachowekwa pamoja ni sanduku na kuaminiana. Radiotopia ilifanya karibu vile, isipokuwa sanduku lao lilikuwa masikio ya watu.

Walioanza ndani ya gereza

Kuna wale watakaosema: hao ni Wamarekani, wako na kila kitu. Basi tuangalie wengine. Mwaka 2016 Radiotopia ilifanya mashindano ya kutafuta podikasti mpya. Maombi 1,537 yaliingia kutoka inchi 53. Walioshinda walikuwa ndani ya gereza la San Quentin, huko California, na kati yao walikuwa Earlonne Woods, mfungwa, na Nigel Poor, mama msanii aliyekuwa anafanya kazi ya kujitolea mle ndani. Podikasti yao inaitwa Ear Hustle na ilianza kutoka mwezi wa sita 2017.

Mfungwa hana intaneti. Kabla ya kutoka, kila sehemu ilipaswa kusikilizwa na kukubaliwa na afisa wa gereza. Lakini Woods na Poor walikuwa na kitu ambacho hakuna studio ya New York iliyokuwa nacho: walijua maisha ya kila siku ya mle ndani, kama vile namna watu wawili wanavyoishi ndani ya chumba kidogo kimoja. Mwezi wa kumi na moja 2018 gavana Jerry Brown alipunguza kifungo cha Woods, akatoka, na aliendelea na podikasti kama kazi yake.

Hapa pia feza ilikuja kwa sababu kikundi kilikuwa tayari. Walioshinda hawakupewa tu kikombe. Waliingia ndani ya nyumba yenye wasikilizaji wanaojua kulipa.

Wakubwa wanakuja

Mwisho wa 2014 kulitoka podikasti ya Serial, juu ya kesi moja ya mauaji huko Baltimore, na ilipata wasikilizaji kwa mamilioni. Ghafla watu wa feza kubwa waliona kwamba podikasti ni soko. Mwaka 2019 Spotify ilinunua Gimlet, kampuni iliyoanzishwa 2014. Na mwezi wa ine 2021, 99% Invisible yenyewe iliuzwa kwa Stitcher, ya kampuni ya SiriusXM. Podikasti ilitoka Radiotopia, na Mars aliahidi kuachia Radiotopia dola milioni moja.

Tusifiche jambo hili. Kuna wanaosema kwamba historia nzima inaanguka hapo: yule aliyehubiri uhuru aliuza. Mimi nasoma tofauti. Aliuza kiisha miaka zaidi ya kumi, wakati podikasti ilikuwa na watu wake, jina lake na hesabu zake. Anayefika mezani akiwa na wasikilizaji wanaolipa anaweza kukataa bei, kungoja, ao kuweka masharti. Anayefika na njaa anachukua anachopewa. Na Radiotopia haikufa mkubwa wake alipoondoka. Kama kikundi kingemtegemea yeye tu, tungesema kilikuwa shamba la mtu mmoja.

Nini hakivuki, nini kinavuka

Sasa turudi kwetu. Si kila mbegu iliyozaa Iowa inazaa Walungu. Udongo ni mwingine, na lazima tuseme wazi tofauti ziko wapi.

Kwanza, wasikilizaji wa Mars walikuwa wamefundishwa kabla yake. Redio za umma za Marekani zina desturi ya miaka mingi ya kusimamisha vipindi na kuomba wasikilizaji watoe feza. Mars alivuna katika shamba lililolimwa na wengine. Pili, wengi wao wako na kadi ya benki, na Kickstarter ilikuwa karibu nao. Kwa mradi wa mtu anayekaa Kongo, mlango ule haufunguki. Tatu, kwao kusikiliza hakuonekani kuwa na bei. Kwetu, dakika 40 za sauti ni mega, na mega ni feza ya chakula. Msikilizaji wetu amelipa tayari kabla hatujamwomba kitu, ila alilipa kampuni ya telefone.

Na tuko na historia yetu wenyewe ya sauti. Radio Maendeleo ya Bukavu ilizaliwa 1993 kutoka mashirika ya maendeleo ya pale pale. Mwaka 1999 watawala wa RCD waliifunga, na bado ilirudi hewani. Radio Okapi ilianza mwezi wa pili 2002 kwa nguvu ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, na mpaka leo ni watu wengi wanaoipa imani. Lakini bajeti yake imefungamana na ujumbe wa Umoja wa Mataifa hapa inchini, na ujumbe ule hauwezi kukaa milele. Hiyo si lawama. Ni swali lile lile la mwanzo: nani analipa mwaka wa pili?

Sisi wa agronomia tunalijua swali hili kwa macho. Kila mmoja wetu ameona shamba la mfano: kibao kikubwa barabarani, mbegu bora, mbolea, wageni wanapiga picha. Mradi unaisha, kibao kinabaki, majani yanaota. Podikasti nyingi za vijana zinafanya vile. Feza ya mradi inalipa sehemu kumi juu ya usafi wa mikono, kiisha mradi unafungwa na sauti inazimika, hata kama wasikilizaji walikuwa wameanza kuipenda. Mfadhili hakukosa. Alilipa alichotaka kisikike, na muda wake ukaisha.

Kinachovuka, basi, ni desturi ya kuchanga, na hiyo tuko nayo kuliko Wamarekani. Tunachanga kwa matanga, kwa harusi, kwa mgonjwa aliyezuiliwa hospitali, kwa mwenzetu anayetetea mémoire. M-Pesa na Airtel Money ziko ndani ya telefone zetu. Ila hatujazoea kuchangia sauti, juu hakuna aliyetuomba kwa hesabu iliyo wazi.

Tuseme podikasti ya vijana watano wa Bukavu inahitaji dola 90 kwa mwezi: mega, transporti ya kwenda kuhoji watu, kuchaji telefone umeme ukikosekana, na kitu kidogo cha kumlipa anayesafisha sauti. Dola 90 ni mtu mmoja tajiri, ao mfadhili mmoja, ao watu 60 wanaotoa dola moja na nusu. Yule tajiri akikasirika, mmekwisha. Kati ya wale 60, kumi wakichoka, mnabaki na dola 75 na mwezi mzima wa kutafuta wengine kumi. Hiyo njo tofauti kati ya kuanguka na kupunguza mwendo.

Lakini ombi lina masharti, na historia ya 99% Invisible inayaonyesha. Usiombe kabla ya kuonyesha kwamba unaweza kushika tarehe kwa muda mrefu. Taja kiasi, na taja kitakachonunuliwa. « Tusaidieni » tupu haimwambii mtu kitu. Rudisha hesabu, sawa vile mweka hazina wa AVEC anavyofungua sanduku mbele ya wote. Chagua shamba dogo: podikasti juu ya ugonjwa wa mihogo katika Ruzizi, kwa Kiswahili ambacho mkulima anasema, iko na watu watakaoumia ikinyamaza kuliko podikasti juu ya « mafanikio ». Usishindane na mwenzako wa Goma ao wa Uvira. Taja yake ndani ya yako, naye ataje yako. Na kwa sababu ya mega, tengeneza faili nyepesi, fupi, na peleka pia kwa redio ya mtaa ikubali kuipitisha, kusudi asiye na intaneti asikie.

Kazi ya kwanza iko rahisi na inaweza kufanyika juma hili. Wewe mwenye podikasti, chukua kartasi na andika majina ya watu wanaokuuliza sehemu mpya itatoka lini. Usiandike wanaokupongeza, andika wanaokudai. Wakifika 20, uko na mbegu. Waambie bei ya mwezi mmoja na uwaombe.